Mgonjwa Aulizwe Uji, na Aulizwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii tumeifundisha na kufundishwa kwa maana ya kwamba mwenye haja iliyo dhahiri hana haja ya kuhojiwa, apewe. Hapana shaka ilizaliwa katika zama ambamo ugonjwa ulikuwa homa na uji ulikuwa uji. Leo hii, mgonjwa wa kisukari au wa figo akiletewa bakuli la uji pasipo kuulizwa, huenda aliyemletea akamdhuru kwa wema wake. Uji wa unga gani? Unga huo umekobolewa au haukukobolewa? Umetiwa sukari vijiko vingapi? Umetiwa maziwa, siagi, au njugu za kusaga? Bakuli lenyewe lina ukubwa gani, nalo ni la ngapi tangu asubuhi? Kwa mgonjwa wa figo, hata hayo maziwa na njugu tunazozisifu kila siku yana hesabu yake.

Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya mtaalamu wa lishe, na katika miaka ya hivi karibuni kazi hiyo imeanza kufanywa kwa simu. Hoja ninayotaka kuitetea katika makala haya ni kwamba pindi swali la uji linapoulizwa kwa simu, lugha huwa ndicho chombo cha tiba chenyewe, kama vile kisu kilivyo chombo cha daktari mpasuaji. Kwa Wakenya wengi mno lugha hiyo ni Kiswahili. Ilhali wataalamu wetu wa lishe husomeshwa kwa Kiingereza, huandika mitihani kwa Kiingereza, na hupelekwa mbele ya wagonjwa wakiwa na Kiswahili cha kununulia nyanya sokoni.

Tuanze na sheria, maana wapo wanaodhani kwamba ushauri wa lishe ni porojo la wauza dawa za kupunguza unene. Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Lishe, ambayo iliunda taasisi ijulikanayo kwa kifupi kama KNDI. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hapana ruhusa ya kujiita mtaalamu wa lishe na kutoza ada kwa ushauri bila kusajiliwa na kupewa leseni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo iliitambua afya ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa huduma. Kwa muda maneno hayo yalikaa kwenye karatasi. Kisha tarehe 13 Machi 2020 kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, kliniki nyingi zikapunguza idadi ya watu waliokuja ana kwa ana, na simu ikafanya katika miezi michache kile ambacho semina za miaka mingi hazikukifanya. Korona ilipopungua, ushauri wa simu haukuondoka. Mtu wa Garissa au wa kisiwa cha Pate anayehitaji kusema na mtaalamu wa lishe aliyeko Mombasa ama Nairobi hana sababu ya kupanda mashua au basi la usiku kucha kwa mazungumzo ya nusu saa.

Faida hizo nazikubali zote. Naongeza moja ambayo haitajwi sana. Mgonjwa anapokwenda kliniki huliacha jiko lake nyumbani. Huketi mbele ya meza ya mtaalamu akijaribu kueleza kwa mikono ukubwa wa bakuli ambalo halipo. Kwa simu ya video mambo hugeuka: yeye ndiye mwenye nyumba, mtaalamu ndiye mgeni. Sufuria ipo, upawa upo, mtungi wa mafuta upo, na mkamwana anayepika yupo karibu. Hata hivyo, mgeni huyu hana mizani, hana utepe wa kupimia mkono, hawezi kuubonyeza mguu aone kama umevimba. Kwa sababu hiyo mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo apelekwe hospitali akaonwe kwa macho na kupimwa, wala asitibiwe kwa simu. Tena intaneti ikikatika, kama ilivyo ada yake, picha hutoweka na kubaki sauti peke yake. Hapo ndipo mtaalamu asipokuwa na maneno huwa hana chochote.

Nitatoa mfano ninaoujua kwa karibu. Mama yangu mkubwa anaishi katika kijiji kimoja cha kaunti ya Kilifi, na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akipika mahamri ya kuuza alfajiri. Aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya 2. Mumewe alikuwa amekatwa mguu kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufariki dunia; kwa hiyo ndani ya nyumba ile jina la ugonjwa huu halitajwi kwa mzaha. Alipangiwa mazungumzo ya simu na mtaalamu kijana aliyekuwa mbali, msajiliwa, mwenye shahada na adabu. Haya ndiyo aliyonisimulia mama mkubwa mwenyewe baadaye:

"Mama, jana usiku ulikula chakula gani?"

"Sikula chakula, mwanangu. Nilikunywa chai, nikalala."

Yule mtaalamu akaandika kwamba mgonjwa hulala bila kula. Akamweleza, kwa upole na kwa haki ya kile alichosikia, kwamba mwenye kisukari anayetumia dawa hapaswi kulala na njaa. Ajizoeze kula kitafunio, kama vile vipande viwili vya mkate. Mama mkubwa akaitikia, "Haya, mwanangu, ahsante." Akaanza kula mkate. Aliongeza vipande hivyo viwili juu ya mahamri matatu na bakuli la mbaazi za nazi ambayo alikuwa akiyala kila usiku pamoja na "chai" yake. Msomaji wa Pwani amekwisha kucheka. Anajua kwamba huku kwetu chakula ni wali au sima, na kwamba chai ni mlo wenye jina la kinywaji. Mgonjwa hakusema uongo na mtaalamu hakukosa elimu. Sukari ilipanda kwa sababu ya maana ya neno moja.

Miezi kadhaa ikapita. Zamu ya pili alimpata mtaalamu mwingine, bibi mmoja mtu mzima ambaye, kwa kumsikiza tu, ungetambua kwamba amelelewa kwenye Kiswahili. Alisema "Shikamoo" na kuuliza hali ya wajukuu kabla ya kuuliza hali ya damu. Alipoambiwa chai, hakuandika kitu. Aliuliza, "Chai na nini, mama?" Akatajiwa mahamri na mbaazi. "Mahamri mangapi?" Matatu. "Na yale ya kuonja jikoni?" Hapo mama mkubwa akaangua kicheko: "Na ya kuonja pia ni chakula?" Mpishi wa biashara huonja unga, huonja la kwanza kutoka mafutani, hula lililovunjika ambalo haliuziki, na katika hesabu yake mwenyewe hajala kitu. Yule bibi akamwomba alishike hamri moja kiganjani mbele ya kamera ili alione ukubwa wake. Akaulizia mbaazi hupikwa kwa kasimile au kwa tui la pili. Walipoagana walikuwa wameafikiana, na nasisitiza kuafikiana, kwamba hamri liwe moja, mbaazi zibaki kwa tui jepesi, kuonja kufanywe na mkamwana, na ule mkate wa watu uondoke. Kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, kilishuka kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ugunduliwe.

Sidai kwamba wa pili alikuwa msomi kuliko wa kwanza. Lakini alikuwa na chombo ambacho mwenziwe hakupewa na chuo chochote.

Iwapo mfano mmoja hautoshi, hebu tuyatazame maneno yenyewe yanayotumika katika ushauri huu kila siku. Neno "sukari" kwa Mkenya ni kitu cha kutia chaini, na pia ni jina la ugonjwa, na pia ni kipimo kilichomo damuni. Mtaalamu anaposema, "Ni lazima tupunguze sukari," huwa anakusudia maana ya tatu. Mgonjwa husikia ya kwanza. Huacha kuweka sukari kwenye kikombe, huteseka kwa chai chungu mwezi mzima, na jioni hula mlima wa ugali akiwa na dhamiri safi kabisa, kwa maana ugali hauna utamu. Kisha hurudi akilalamika kwamba ameacha sukari na sukari haijashuka. Sentensi hiyo, kwa Kiswahili, ni sahihi kisarufi na kimantiki. Aliyemshauri ndiye hakuzitenga maana.

"Mboga" nayo ina mitego. Vitabu vya lishe hushauri kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iwe chakula cha protini. Wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili ambao mboga kwao ni kitoweo chochote kinacholiwa na ugali au wali, iwe ni mchicha, dagaa au nyama ya mafuta. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aongeze mboga, ataongeza nyama na kukushukuru. Ingesemwa "mboga za majani", au bora zaidi ingetajwa kwa jina: sukuma wiki, mchicha, managu, kunde, kisamvu. Ama kuhusu "wanga", sisi wanafunzi wa fasihi tunafahamu kwamba neno hilo ni pia wingi wa "mwanga", yule mchawi wa usiku. Nimewahi kusikia mzee akiagizwa apunguze wanga nyumbani kwake, naye akamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Ni kichekesho, naam, lakini mzee huyo aliondoka bila kujua kwamba viazi, ndizi za kupika, muhogo na chapati vimo katika kundi moja.

Na nini hasa maana ya "sahani"? Ushauri wa nusu na robo unamdhania mtu aketiye peke yake mbele ya sahani yake. Kuna nyumba nyingi ambamo wali hupakuliwa kwenye sinia moja wakala watu watano. Hapo robo ya nani? Kwa watu hao kipimo kinachofaa kimo mkononi, na wataalamu wenyewe hukitumia: ngumi kwa wanga, kiganja kwa nyama au samaki, ncha ya kidole gumba kwa mafuta. Kiswahili kina hazina ya maneno ya mkono ambayo hatuyafundishi tena. Kuna konzi, kuna ukufi, kuna tonge. Mtu anayekula kwa mkono anaweza kuhesabu matonge kwa uhakika zaidi kuliko anavyoweza kukisia gramu. Katika ushauri wa kisukari kipimo kimoja cha wanga huhesabiwa kuwa gramu 15; gramu hizo kwa mwenye sinia ni lugha ya kigeni hata zikitamkwa kwa Kiswahili fasaha. Sokoni nako kuna kibaba, kisaga na pishi katika kumbukumbu za wazee (vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi), na kuna gorogoro, debe, fungu na chane katika matumizi ya leo. Serikali ya Kenya kwa ushirikiano na FAO ilichapisha mwaka 2018 majedwali ya viambato vya vyakula vya Kenya, kazi kubwa na ya kusifika, ila imeandikwa kwa Kiingereza. Daraja kati ya majedwali hayo na gorogoro bado halijajengwa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja sisi tulio katika fasihi. Mbinu kuu ya mtaalamu wa lishe ni kumwomba mgonjwa asimulie kila alichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita. Hii ni simulizi, yenye msimulizi, hadhira, mwanzo na mambo yaliyofichwa. Msimulizi yeyote hujenga sura yake mbele ya hadhira. Mwanamke aliyejinyima ili watoto wale hatasema hivyo kwa mara ya kwanza kwa mtu asiyemjua, hasa simu ikiwa kwenye spika na mume yu kitako pembeni. Atasema, "Nilishiba." Mwanamume mgonjwa hukabidhi simu kwa mkewe, akajibiwa maisha yake na mtu mwingine, pamoja na nyama choma ambayo mke hana habari nayo. Hadhira stadi hujua kuitikia, kunyamaza, na kurudi nyuma: "Ulipotoka sokoni na kabla ya adhuhuri, hapo kati?" Mbinu hizi tumezichambua katika ngano kwa miaka na kuziandikia tasnifu ambazo hulala maktabani. Sioni ni kwa nini tasnifu ijayo isichambue mazungumzo ya mshauri wa lishe na mgonjwa wake, kwa idhini ya wote wawili na kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Isitoshe, wazo la kula kwa masharti si geni kwetu. Mgonjwa wa kale alikuwa akishika miiko aliyopewa na mganga: usile samaki wa aina hii, usile pilipili, mpaka siku fulani. Lugha yetu ina upekee wa kuupa mwiko wa kukatazwa na mwiko wa kusongea ugali jina moja. Mtaalamu anayejua jambo hili atajua pia hatari yake. Mgonjwa aliyezoea miiko hutarajia orodha ya makatazo yenye mwisho, na siku zikiisha hurejea alikokuwa. Kisukari hakina siku ya kufungua miiko. Kwa hiyo mshauri hana budi kueleza tangu mwanzo kwamba anachotoa si mwiko bali ni desturi mpya ya jikoni, na kuyapata maneno ya kusema hivyo bila kumkatisha tamaa mwenziwe.

Nazijua pingamizi. Wapo watakaosema kwamba kila nyumba siku hizi ina kijana aliyesoma ambaye anaweza kutafsiri. Ni kweli, na ndiko kunakotendeka madhara. Mama gani atamweleza mwanawe wa kiume habari za choo chake, au kwamba hukosa chakula cha jioni kwa sababu fedha zote zimelipa karo ya mtafsiri huyo huyo? Wengine watasema kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya Wakenya wengi, na kwamba bibi wa Kitui ama wa Siaya angefaa kuhudumiwa kwa Kikamba au Kijaluo. Hoja hii naiheshimu. Pale mtaalamu anapoijua lugha ya mgonjwa, na aitumie. Lakini mtaalamu wa simu hupokea watu wa kaunti 47 katika juma moja. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Na ibara ya 43 ilimpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hii ya pili haiwezi kumfikia mtu kwa lugha asiyoielewa. Ama wale wanaozitegemea programu za simu za kuhesabu kalori, nawatakia heri. Nilizozijaribu mimi zilikuwa na aina tele za mikate ya Ulaya, na hazikuwa na hamri.

Nigusie kwa haraka suala la jina, kwa kuwa linawapa matapeli mwanya. Sheria ya mwaka 2007 kwa Kiingereza inataja watu wawili: mwanataaluma wa lishe kwa jumla, na yule anayepanga mlo wa mgonjwa kama sehemu ya tiba. Sisi twawaita wote "mtaalamu wa lishe", jina ambalo hata muuza vidonge vya kukonda hujipachika. Binafsi ningependelea huyo wa pili aitwe mtaalamu wa lishetiba, na mgonjwa azoezwe kumuuliza namba yake ya usajili kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa. Mkweli hataudhika kwa swali hilo.

Sasa, wanachama wenzangu, tusiishie kulalamika kwamba Kiswahili kimepuuzwa. Kamusi ya Tiba ilichapishwa na TUKI mwaka 2003 na ni msingi mzuri, lakini kamusi ya kitaaluma hutaja viungo na maradhi. Haikuandikwa kumfundisha mtu jinsi ya kuuliza "chai na nini". Vyuo vinavyofundisha lishe na vinavyofundisha Kiswahili aghalabu viko katika uwanja mmoja, vikitenganishwa na njia ya kokoto. Somo moja la muhula mmoja juu ya mawasiliano ya ushauri wa lishe kwa Kiswahili lingeweza kutolewa kwa ushirikiano wa idara hizo mbili, na KNDI ingeombwa ilitambue katika mafunzo endelevu ya wanachama wake. Barua ya kupendekeza hivyo haina gharama.

Wakati tukisubiri jibu, napendekeza kwamba katika likizo ijayo kila mwanachama akusanye katika soko la kwao, iwe ni Kongowea, Marikiti au gulio la kijijini, majina ya vyakula, vipimo na namna za mapishi kama watu wanavyoyasema hasa: nini huitwa chakula na nini hakiitwi, mboga ni ipi, kibakuli cha mbaazi hujaa vijiko vingapi. Yakusanywe kwa lahaja zake, wa Lamu aandike "mtele" na wa Nairobi aandike "mayai pasua" bila ya kumwonea haya mwalimu. Wenzetu wa idara ya lishe watapima uzito wa vipimo hivyo kwenye maabara yao. Nimezungumza na wawili kati yao na wamekubali. Daftari la kuandikisha majina liko kwa katibu wa chama hadi wiki ya mwisho ya muhula, na kaunti za Tana River na Kwale bado hazijapata mtu.